Watano Chini ya Kitenge

Jumapili, 4 Mei

Nimedhulumiwa. Naandika kabla hasira haijapoa.

Kikao cha ukoo, Ganshoren, nyumbani kwa shemeji Rolande. Chai, mandazi, viti kumi na viwili (vyote vyangu). Jambo lenyewe: dot, yaani sherehe ya mahari, ya Nathalie, binti wa marehemu kaka yangu. Wakwe wanatoka Uingereza. Asili yao ni Bukavu, lakini wamekaa mji wa Dudley hadi wanatia maziwa kwenye chai bila kumwuliza mtu. Bwana harusi anaitwa Dan. Anatengeneza lifti. Kijana mpole mno. Alipokuja mara ya kwanza alivua viatu mlangoni, akavivaa, akavivua tena, maana hakuna aliyemwambia lipi ndilo la heshima.

Swali likaja: nani atakuwa msemaji wetu siku hiyo? Mimi ni baba mdogo. Hesabu ni nyepesi. Akiondoka baba, anabaki baba mdogo. Mtoto wa darasa la pili anaiona.

Shemeji Rolande akasema msemaji ni Bertin.

Bertin! Mdogo wake, mjomba wa msichana, mtu wa ofisi, mkazi wa Evere, mwenye Kifaransa kilichopigwa pasi mpaka kwenye kola. Katika kila harusi ya Wakongo mjini humu, mikro iko kwake. Watu wanalia hata akitangaza kwamba wali uko tayari.

Nikauliza, kwa utulivu mkubwa, mimi nitafanya nini. Shemeji akanijibu mbele ya wote: "Weye, Dona, utaleta viti. Na utapanga bale babinti ba kufunika."

Wasichana wa kufunika! Kwetu, siku ya dot, bibi harusi haletwi kirahisi. Kwanza wanatolewa wasichana wengine, mmoja mmoja, wamefunikwa kitenge gubigubi. Wageni wanapaswa kusema huyu siye, na kuweka bahasha ndogo ili wa kweli azidi kutafutwa. Kuwapanga hao ni kazi ya mashangazi. Nimepewa mimi, mwenye kampuni ya kukodisha viti, hema na masufuria, Molenbeek, niliyeanza na viti sita vya plastiki nilivyookota kando ya mfereji, kimoja kikiwa na miguu mitatu.

Lakini kuna kitu kimoja hawakukigawa. Glasi.

Katika ukoo wetu, mwisho wa yote, binti anachukua glasi ya kinywaji na kumpigia magoti yule anayemwona kuwa baba yake. Akinywa, mahari imepokelewa. Bila glasi hiyo, yote ni chakula na kelele. Sasa baba hayupo. Bertin akasema kwa mantiki glasi inamfuata msemaji. Mimi nikasema inaifuata damu. Nathalie alikuwa anamenya chungwa. Akasema glasi atampa anayemtaka yeye, ataamua siku hiyo hiyo, na tusimchokoze.

Bon. Glasi iko wazi. Nimebeba viti vya harusi za watoto wa watu nusu ya maisha yangu. Ya mtoto wa kaka yangu sitaibebea viti tu. Siku hiyo nitang'aa, na Nathalie ataona mwenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Mpango umezaliwa.

Kwa Kifaransa Bertin hashindiki. Changu ni cha kupandisha viti ghorofa ya tatu: chini, juu, angalia ukuta. Lakini wageni ni wa Uingereza, na katika ukoo huu, ukimwacha Nathalie, mwenye Kiingereza ni mimi peke yangu. Nilikipata Nyarugusu, kambini, kwa mwalimu aliyefundisha watu themanini kwa kipande kimoja cha chaki. Kipo bado. Kina kutu, lakini kipo.

Nimekwenda soko la vitu vya zamani, Jeu de Balle. Nimepata kamusi ya Kiingereza, nene kama tofali, haina jalada, inanuka chumba cha chini ya ardhi. Muuzaji alikataa kuiuza peke yake, ikabidi niichukue pamoja na taa ya mezani yenye umbo la bata. Kamusi hii haitoi maana tu. Inataja neno limezaliwa wapi, likaolewa wapi, kama shangazi anayejua koo zote.

Nilitaka neno la kumtambulishia bibi harusi. Si "girl". Hilo linajulikana hata na paka. Nilitaka la kizamani, lenye mvi. Nimelipata: *wench*.

Lina karibu miaka elfu. Hapo kale lilikuwa refu zaidi, *wenchel*, na maana yake ilikuwa mtoto tu, awe wa kiume au wa kike. Lenyewe limetokana na neno la kuyumba, la kutosimama imara. Yaani kitoto kinachosimama dede. Baadaye wavulana wakaondolewa, likabaki la wasichana.

Nikafunga kamusi. Sikuhitaji zaidi.

Nathalie aliposimama dede, Uvira, alishika mguu wa kiti. Kaka alikuwa kazini. Aliyekuwa amekikalia kiti kile ni mimi. Nani mwenye haki ya neno hili?

Alhamisi, 8 Mei

Mpango umeota mbawa.

Nimefungua kamusi tena na kusoma mistari miwili zaidi. Herufi ni ndogo kama mbegu za ufuta. Baada ya mtoto na msichana, neno likaenda kufanya kazi nyumba za watu: mtumishi wa kike. Nikaona mwanga. Wasichana wa kufunika wasiwe vitenge vinavyotembea ovyo. Kila mmoja awe maana moja ya neno! Wa kwanza ni mtoto. Wa pili msichana wa shamba, na kikapu. Wa tatu mtumishi, na ndoo. Kisha anatoka Nathalie, neno lote zima. Kila anapotoka mmoja, mimi naeleza. Na wa kueleza lazima ashike mikro!

Bertin atabaki na "karibuni" na "asanteni". Mimi nitakuwa na miaka elfu.

Nimekwenda kwa Hawa, mshonaji, mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Duka lake limepakana na langu. Nimempa hesabu: kitenge mita tano kwa kila kichwa, vichwa vinne, mita ishirini. Yeye akasema msichana si sofa, mita tatu zinamtosha. Nikamwambia siri inahitaji kitambaa. Amekubali, na amekubali binti yake Rayhana awe mmoja wao. Wengine nitawapata kwaya ya shemeji.

Bertin amepiga simu. Ametaka kujua kama viti vina mito, kwa sababu hotuba yake ni ndefu. Kisha akanishauri niwafundishe wasichana kutembea polepole. Kunishauri mimi! Nimemjibu viti vina mito asilimia sitini, na hao watakaokosa watakuwa wa upande wake.

Jumapili, 11 Mei

Balaa.

Nimemweleza Nathalie mpango, kidogo tu, ili ajiandae kushangaa. Nilidhani atafurahi. Aliweka kikombe chini. Yeye anafanya kazi ofisi ambayo Kiingereza kinasemwa kutwa nzima, hata kwenye lifti. Akaniuliza kama nimesoma mpaka chini. Nikasema nimesoma panapotosha.

"Baba mudogo," akasema, "ile neno usiseme mbele ya mama ya Dan. Leo ni matusi."

Nimerudi nyumbani, nimewasha bata, nimesoma mpaka chini. Kweli. Mstari wa nne: malaya.

Nimekasirika na Waingereza wote. Walikuwa na neno la mtoto anayejifunza kutembea! Wamelikuza vizuri, wamelipa kikapu, kisha wamelituma kuosha sakafu za watu, na likiwa huko wakalisingizia mambo. Halafu likachafuka lenyewe, wao mikono safi. Nathalie anasema hata Wafaransa ni hivyo: *garce* zamani lilikuwa mwenzake *garçon*, basi, msichana na mvulana. Mvulana leo analeta kahawa mezani na watu wanamwita kwa heshima. Msichana hatajwi mbele ya wazazi. Na sisi tusicheke. *Ndumba* kwa Wakongo wa kule magharibi ni msichana tu, mwana wa watu. Litamke mtaani Matonge leo mbele ya dada wa watu uone kama hutarudi nyumbani na alama ya kiatu.

Nimemwahidi Nathalie sitalitamka.

Kisha nimefikiri. Sitalitamka *bila kulieleza*. Ahadi ni ile ile, imeongezwa urefu. Na mstari wa nne si ajali, ni zawadi! Neno lizaliwe, likue, litumikishwe, lianguke, halafu atoke Nathalie na kuliinua. Watu watalia. Hata viti vitalia. Wasichana wa kufunika sasa ni wanne, pamoja na bibi harusi watano. Nimeongeza kitenge mita tano.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna anayetaka kuwa wa nne.

Msichana wa kwanza wa kwaya amesema ana mafua. Wa pili amesema ana mafua ya mwenzake. Nimegeuka kwa Rayhana, nikamwambia kwa lugha laini kwamba atakuwa neno katika siku zake ngumu. Rayhana akamwuliza mama yake maana yake nini. Hawa alikuwa na pini mdomoni. Akaomba aone kamusi. Kidole chake kikateremka mstari kwa mstari, pini zikitoka moja moja.

"Papa Donatien," akasema, "mwanangu hasimami kwa jina hilo hata ukimfunika mazulia saba. Wewe si ndiye unalipenda? Livae mwenyewe."

Akamtoa Rayhana kabisa, hata kwenye ndoo. Ndoo nimempa yule wa mafua ya mwenzake. Kwa mstari wa tatu mafua yalipona.

Wanne bila wa nne. Nimejaribu kuruka kutoka wa tatu hadi Nathalie. Haiendi. Bila kuanguka hakuna kuinuliwa, na sehemu ya kuinuliwa ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeiandika mara sita.

Ijumaa, 16 Mei

Ukumbi uko Evere, karibu na kwa Bertin. Bila shaka. Viti mia moja na hamsini vimepangwa. Vyenye mito nimeviweka upande wa wageni na safu moja ya upande wetu, ile ambayo Bertin hatakaa.

Nimejaribu kutengeneza wa nne. Nimechukua kinara cha kutundikia makoti, chenye magurudumu, nikamwekea bata awe kichwa, nikamfunika. Kwa mbali alikuwa msichana mzuri, mwenye shingo. Nilipomsukuma alikwenda vizuri mpaka penye mlango, akainama, akatoa kichwa. Mlinzi wa ukumbi alipiga ishara ya msalaba.

Nimekaa kwenye kiti nikafikiri kama mfanyabiashara. Wa nne hapaswi kusema. Hapaswi kuonekana. Anapaswa kusimama tu chini ya kitenge mpaka wageni wamkatae. Kazi kama hiyo inahitaji kimo na subira. Kimo ninacho.

Nitaingia mwenyewe! Nitashika mikro chini ya kitenge na kueleza neno kutoka ndani yake. Wageni watasikia sauti ikitoka kwenye kitambaa, nzito, ya karne. Bertin hajawahi kufanya hivyo. Hotuba nimeiandika kwa herufi kubwa, Kiswahili na neno lenyewe la Kiingereza mahali pake.

Nimemwambia Hawa. Amecheka mpaka cherehani ikasimama.

Jumapili, 18 Mei

Jana sikuandika. Nilikunja viti mpaka usiku.

Wageni walifika wengi, nadhifu. Msemaji wao ni Papa Ngoy, mjomba wa Dan, mtu mnene, mcheshi, wa aina inayokufanya uogope kabla hajafungua mdomo. Mama ya Dan, Maman Pétronille, alikaa mbele kabisa na mkoba mapajani, hatabasamu. Nathalie alikuwa amefichwa chumba cha nyuma. Bertin alifungua. Alisema "karibuni" kwa namna kumi na mbili. Ilipofika namna ya tano, shemeji Rolande akafuta jicho.

Ikaja zamu ya wasichana. Nikachukua mikro.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wa jirani ya shemeji, wa miaka minne. Kitenge mita tano. Hawa alisema kweli kuhusu sofa. Alijikwaa mara tatu, akaketi sakafuni, akaendelea kwa makalio. Nikatamka neno langu na kueleza: hapo kale, mtoto anayeyumba. Watu walicheka, lakini kicheko kizuri. Papa Ngoy akasimama: "Huyu angali mutoto. Tutamungojea mpaka wapi? Dan atazeeka." Bahasha.

Wa pili, kikapu. Bahasha. Wa tatu, ndoo na ufagio. Hapo nilimwona Maman Pétronille akiinua shingo. Nikadhani nimemuudhi. Kutoka chumba cha nyuma nikasikia mtu akishusha pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya Nathalie, naijua tangu utotoni.

Nikasema wa nne anakuja. Nikapita nyuma ya pazia na mikro yangu na karatasi yangu. Yule wa ndoo akanifunika. Nikatoka.

Nilipita karibu na spika. Hilo sikulipigia hesabu. Mikro ikalia, mlio wa mbuzi aliyekanyagwa na lori, watu wakaziba masikio. Nikajaribu kuizima, karatasi ikaanguka. Mkono ukaingia chini ya kitenge na kuninyang'anya mikro, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nikaona kiatu. Cheusi, kinang'aa. Bertin. Akainama na kuokota karatasi pia.

Bon. Ningeweza kusema. Lakini aliyefunikwa hasemi. Hiyo ndiyo desturi, nimewafundisha wale wasichana mwenyewe, nimewatisha nayo.

Papa Ngoy akanizunguka. Akanizunguka tena.

"Huyu," akasema, "huyu tunamukubali."

Ukumbi ulilipuka. Akasema angalieni mabega, huyu bibi anaweza kupandisha friji bila kuita muntu. Akasema angalieni viatu, nambari arobaini na tano, mwanamke wa kusimama imara, hataanguka katika ndoa. Mwanamke mmoja wa upande wao akauliza kama najua kupika. Mwingine akajibu kwa mwendo ule najua kula. Vigelegele. Kisha wakamwita Dan aje amtambue mchumba wake. Akaja, kijana wa watu, akasimama mbele yangu. Niliona viatu vyake vikigeuka huku na huku, havijui heshima iko upande gani.

Akainama kidogo. "Jambo, tonton," akasema, yaani ami.

Watu walianguka kwenye viti. Vyangu, vimestahimili vyote.

Papa Ngoy akatangaza kwamba kwa vile nimependwa, sitafunuliwa mpaka wageni waamue, na wageni hawaamui na njaa. Hiyo pia ni desturi. Wakaniletea kiti. Kwa miguu yake nilikijua: ni kile cha zamani, cha miguu mitatu, mguu wa nne niliuunga mwenyewe. Nikakaa kando, mzigo wa kitenge.

Na hapo Bertin akasoma hotuba yangu.

Alisoma yote. "Neno hili lilikuwa mtoto. Watu wakaliajiri, wakalichosha, wakalitupa njiani, kisha wakalisema kwamba ni chafu. Leo tunaliokota. Tunalipangusa vumbi. Tunamvika binti yetu, aliye juu ya maneno yote." Akanyamaza pale nilipoandika *nyamaza*. Nilisikia pua zikipengwa upande wa kushoto, halafu wa kulia. Pua zangu! Vumbi langu! Na alitamka *wench* vibaya, kama chapa ya friji ya Kifaransa, na hakuna aliyejali.

Nathalie akatoka. Sikumwona. Niliona ukumbi mzima ukisimama, yaani niliona visigino.

Kisha sauti ya Maman Pétronille. Nikajikunja, nikingoja matusi yarudishwe. Akasema huko Dudley kazi yake ni kuogesha wazee na kuwavalisha. Akasema mama mmoja mzee alikuwa anamwita kwa neno hilo kila asubuhi, na yeye mwaka mzima alivumilia, akijua anatukanwa kwa kuwa ni mgeni. Siku moja akaugua, hakwenda kazini. Aliporudi, yule mama alikuwa amekataa kula, akilia, anauliza yuko wapi *wench* wake. Kule kwao halikuanguka kamwe. Mabibi wanawaitia wajukuu wao.

Akatembea mpaka alipo Nathalie. Nadhani alimkumbatia, maana miguu minne ilikuwa pamoja. "*Our wench*," akasema. "Sasa ni wetu."

Watu walilia ovyo. Mimi nilikuwa nahesabu: nani amepata heshima ya hayo yote? Bertin. Mia kwa mia.

Ikaja glasi.

Bertin alikohoa na kusogea mbele. Viatu vyeusi vilijipanga sambamba. Niliviona, na nikajua basi, imekwisha, nimeleta viti. Viatu vya Nathalie vikapita, vyeupe, polepole. Vikafika mbele ya vile vyeusi.

Havikusimama.

Vikaja pembeni. Kwangu. Vikakunjwa. Magoti yakaja sakafuni, mkono wenye bangili ukainua pindo la kitenge, na glasi ikaingia humo gizani nilimokuwa.

"Baba mudogo," Nathalie akasema, "kunywa."

Nilikunywa. Ilikuwa Fanta, ya moto kidogo, na nyuzi za kitenge ndani yake. Nje shemeji Rolande alipiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu kaka alipokuwa hai. Nililia. Kidogo. Kitenge hiki rangi yake inachuja, kwa hiyo nilipofunuliwa nilikuwa na shavu la kijani na moja la njano.

Baadaye, wakati wa kukunja viti, nilimwuliza Nathalie kwa nini mimi. Nilitaka aseme ni neno, ni mpangilio, ni zile kurasa mbili za hotuba. Akaniangalia lile shavu la kijani.

"Ni mapenzi gani hayo, muntu mukubwa kujifunika mbele ya bakwe?" akasema. "Papa angefanya vilevile."

Nikabeba viti.

Jumatatu, 19 Mei

Picha zimetoka. Nimedhulumiwa tena.

Tukio kubwa kuliko yote katika maisha yangu, na kinachoonekana ni rundo la kitenge lenye mkono. Nyuma yake, wazi kabisa, nuru nzuri, uso wote: Bertin, anatabasamu. Mtu asiyejua atadhani ndiye aliyepewa glasi, na mimi ni mzigo uliosahauliwa. Nimemwomba mpiga picha aniandike jina juu ya kitenge. Amesema atafikiri.

Bertin amepiga simu. Ameomba msamaha wa karatasi. Amesema hajawahi kusoma kitu kizuri kama kile, na kama nina vingine nimwandikie. Nimemwambia nitaangalia nafasi yangu. Nilipokata simu nilicheza kidogo kati ya viti.

Nimepiga hesabu ya mwisho. Watu walicheka, walilia, mkwe amefurahi, glasi imekuja kwangu. Nathalie anasema ni kwa sababu nilijifunika. Wanawake hawapendi kukubali nguvu ya elimu. Ilikuwa kamusi.

Alhamisi, 22 Mei

Kikao kingine, Ganshoren. Harusi ya kanisani ni Agosti. Mikro: Bertin. Viti: mimi. Nikauliza nini kingine. Shemeji akasema nipokee wazee wa kiume wa upande wa Dan mlangoni, niwavishe utepe begani, na nisifanye zaidi ya hapo.

Nisifanye zaidi! Wanawake wao tumewapa neno la miaka elfu, wanaume wao tuwape utepe mtupu?

Nimerudi Molenbeek, nimewasha bata, nimefungua kamusi. Nilitafuta ndugu wa lile neno letu, la kiume, lenye umri huo huo. Nimelipata chini ya dakika moja. *Knave*. Mstari wa kwanza: mtoto wa kiume. Mvulana! Safi, fupi, lina herufi isiyotamkwa mwanzoni, kama watu wa heshima wanaokaa kimya kwenye safu ya mbele.

Nimeagiza kwa Hawa tepe thelathini za bluu, neno litariziwe kwa uzi wa dhahabu. Ya Papa Ngoy iwe pana zaidi, na herufi zionekane kutoka madhabahuni.

Hawa ametoa pini mdomoni na kuniuliza kama safari hii nimesoma mpaka chini. Nimemwambia chini kuna mistari mitatu ya herufi ndogo sana, nimeona kama "mlaghai" hivi, huenda ni neno jirani tu, na balbu ya bata imeungua. Tena hakuna haja. Haiwezekani Waingereza wafanye kosa lile lile mara mbili.